Kulea Ulimi kwa Kulea Sikio

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ambayo sisi watoto tuliidhania kuwa ni ya uzee: kila mmoja wetu alipofika mbele yake kusoma, yeye alifumba macho. Tuliamini kuwa anasinzia, na mara nyingi tulijaribu kumpitishia sini mahali pa swadi, au te nyepesi mahali pa twe nzito, kwa tamaa kwamba usingizi utatusitiri, lakini kila tulipojaribu kidole chake cha shahada kiliinuka, macho yakiwa yamefumbwa vile vile, naye akaitamka herufi iliyotakiwa mara tatu, taratibu, kisha akaitamka ile tuliyoileta badala yake mara tatu, kisha akauliza swali moja tu: "Umesikia?" Hakuuliza kama tumeweza. Na mtoto aliyekiri kwamba hakusikia tofauti hakuamrishwa kutamka tena, bali aliketishwa kando ya mkeka awasikilize wenzake mpaka siku ya pili, na wengine mpaka ya tatu.

Miaka michache baadaye nilipelekwa skuli, na huko mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno mawili, "ship" na "sheep", merikebu na kondoo, akatutaka tuyaseme. Tukayasema. Akayasema yeye, tukayasema tena, akachukua bakora. Lugha yetu ina irabu tano tu, na yale maneno mawili, kwa masikio tuliyokwenda nayo darasani, yalikuwa ni neno moja linalosemwa mara mbili na mtu mwenye hasira. Nilichapwa kwa kosa nisilolisikia, na miaka mingi ilipita kabla sijafahamu kwamba kati ya walimu wangu wawili, yule wa mkekani, ambaye hakupata kukanyaga chuo kikuu chochote, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mambo ambayo wataalamu wa elimu ya sauti wamekuja kuyathibitisha kwa vipimo.

Nataka kumshauri msomaji anayejifunza lugha ya kigeni ukubwani, na mwalimu anayeifundisha, na ushauri wangu karibu wote wazunguka jambo moja: kwamba kosa la matamshi, ijapokuwa hudhihiri mdomoni, aghalabu makao yake ni sikioni, na mwenye kulifukuza mdomoni peke yake hufanana na mtu akaushaye sakafu ilhali paa lavuja.

Mtoto mchanga huja duniani na sikio lililo wazi kwa lugha zote. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, wanazuoni wa Kanada, walieleza jinsi walivyowapima watoto wachanga wa nyumba zisemazo Kiingereza kwa sauti mbili za Kihindi ambazo wazungumzaji wazima wa Kiingereza ni shida kuzipambanua: t ambayo ncha ya ulimi hugusa meno, na t ambayo ulimi hukunjwa kuelekea kaakaani. (Msomaji wa Mombasa asistaajabu, Kimvita nacho chatenga t ya meno na t ya ufizi, na mgeni atokaye bara aweza kukaa huko miaka asitambue.) Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitenga sauti zile bila ya taabu, waliofika miezi 10 hadi 12, walio wengi walikuwa wamekwisha zipoteza. Hawakuwa wameingia uziwi. Akili yao ilikuwa imefanya iktisadi, imeacha kushughulika na tofauti ambazo hakuna mtu nyumbani azitumiaye, kama mwenye duka aachavyo kuagiza bidhaa isiyo na mnunuzi.

Mrusi mmoja, Nikolai Trubetzkoy, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alikuwa amelifananisha jambo hili na chekecheke: kila kisemwacho na mgeni hupita katika chekecheke ya lugha ya mama kabla ya kufika akilini. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tunayo mifano tele mlangoni petu. Kikikuyu hakina l, basi aliyelelewa katika lugha hiyo huambiwa "lala" akasema "rara". Kijaluo hakina sh, na shamba huwa "samba". Katika Kiganda l na r zipo zote mbili, lakini hazishindani: r hukaa baada ya e na i, l hukaa kwingineko, na kwa hiyo sikio la Mganda huzihesabu kuwa ni sauti moja yenye kanzu mbili. Mtu ambaye lugha ya kwao haina zile sauti tulizozipokea kwa Waarabu hutaka kutaja thamani ya kitu akatamka "samani", na bila ya kujua amekwisha ingia duka la meza na viti. Wala Waarabu wenyewe hawakusalimika, maana Kiarabu hakina p: neno lile lile la Kihindi ambalo kwetu limekuwa pesa, huko Oman limekuwa baisa, na ndilo jina la sarafu yao mpaka leo.

Hakuna katika hao aliyekosa kwa uvivu au ukaidi. Katika kitabu cha Waamuzi imehadithiwa jinsi watu wa Gileadi walivyovishika vivuko vya Yordani, wakamtaka kila avukaye aseme Shibolethi, na Mwefraimu, ambaye kwao hakuna sh, aliposema Sibolethi alichinjwa. Na hesabu ya waliokufa yatajwa kuwa ni 42,000. Kila nimsikiapo mtu barazani akimcheka mwenzake kwa kusema "samba", hukikumbuka kivuko kile.

Swali la mtu mzima, basi, ni kama sikio lililokwisha fungwa laweza kufunguliwa. Laweza, na walioonyesha hivyo kwa wazi zaidi ni Wajapani, ambao lugha yao ina sauti moja tu mahali ambapo Kiingereza kina l na r. Mwaka 1991 wachunguzi watatu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, yaani Logan, Lively na Pisoni, walitoa habari za wanafunzi wa Kijapani waliowekwa kwa muda wa wiki tatu kusikiliza maneno yaliyokwenda mawili mawili, kama "rock" na "lock", yakisemwa na wasemaji watano mbalimbali. Kila neno lilipotoka, mwanafunzi alichagua ni lipi, na papo hapo akaambiwa kama amepata au amekosa. Masikio yao yakafunguka, si kwa maneno waliyoyazoea tu bali hata kwa maneno mapya na wasemaji wapya. Miaka miwili baadaye wakajaribu kutumia sauti ya msemaji mmoja tu, na hapo ndipo lilipo fundisho ambalo ningependa kila mwalimu alibandike ukutani: wanafunzi waliendelea kwa sauti ya mtu yule, lakini walipoletewa msemaji mgeni maendeleo yao hayakuwafaa kitu. Walikuwa wamemjua mtu, hawakuijua sauti. Kisha mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakatoa jambo la ajabu zaidi: Wajapani waliofundishwa kwa njia hii, njia ya kusikiliza peke yake, pasipo kufundishwa kutamka hata neno moja, walipotakiwa kutamka walitamka vizuri kuliko zamani, na wasikilizaji wa Kiingereza ndio waliotoa hukumu hiyo. Ulimi ulifuata sikio kama mkia ufuatavyo tiara.

Mashauri yangu ya kwanza, kwa hiyo, ni mchezo, na mchezo wenyewe hauhitaji gharama. Tafuta tofauti moja tu inayokusumbua, wala usitafute mbili. Andika jozi kumi za maneno yanayotengwa na tofauti hiyo pekee. Kisha tafuta watu waisemao lugha ile kwa asili, au sauti zao zilizonaswa, ambazo siku hizi kamusi za katika simu zinazo kwa wingi: mwanamume, mwanamke, mtoto, mzee mwenye sauti ya mikwaruzo, mwenye haraka na mwenye taratibu. Mtu wa nyumbani achague neno katika jozi bila ya wewe kuona, akufunulie sauti, nawe uinue mkono wa kulia au wa kushoto. Naye akujibu hapo hapo, kwa maana jibu likicheleweshwa sikio limekwisha sahau lilichosikia. Dakika kumi kila siku zashinda saa mbili za Ijumaa moja. Na katika wiki mbili za mwanzo, hata ukiona hamu, usitamke. Tia kufuli mdomoni, na umwache mwalimu wako wa kweli, yaani sikio, afanye kazi yake pasipo ulimi kumwingilia na mazoea yake ya zamani.

Ukishazoea jozi, yako mazoezi magumu zaidi ambayo Daniel Jones, bingwa wa fonetiki katika University College ya London aliyetoa kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1917, aliwapa wanafunzi wake: aliwasomea maneno yasiyo na maana yoyote, wakayaandika kama walivyoyasikia. Hikima yake ni kwamba neno lenye maana huisaidia akili kubahatisha, na akili inayobahatisha huliachisha sikio kazi.

Hapa pana jambo la kumwambia mzazi. Wapo wazazi wa siku hizi ambao, kwa kutaka mtoto aanze mapema, humlaza mtoto mchanga mbele ya televisheni isemayo lugha ya kigeni na kwenda jikoni. Patricia Kuhl na wenzake, wa Seattle, walilijaribu jambo hili mwaka 2003 kwa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Watoto wa kundi moja walikaa na Wachina, wakachezewa na kusomewa kwa Kichina cha Mandarini vikao 12, na mwisho wake wakazitambua sauti za lugha ile; wa kundi jingine walioneshwa Wachina wale wale katika kioo, kwa muda ule ule, wakatoka kama walivyoingia. Sauti iliyonaswa yamfaa mtu mzima ajuaye anatafuta nini. Mtoto mchanga hujifunza kwa mtu anayemtazama usoni. Bibi aketiye naye uani akamsemesha Kidigo au Kinyakyusa ana thamani kuliko kioo chochote, na lau nyumba ina bibi wa namna hiyo, naona ni israfu kumfanya anyamaze.

Lakini sitaki msomaji anidhanie kuwa nimeuficha upande wa pili. Mwaka 1971 mtaalamu wa Kijapani, Goto, alieleza habari za Wajapani walioweza kutamka l na r za Kiingereza hata wasemaji wa asili wa Kiingereza wakazitenga, ilhali wenyewe, walipozisikiliza sauti hizo, na hata waliposikilizishwa sauti zao wenyewe, hawakuweza kusema ipi ni ipi. Maana yake ni kwamba iko njia nyingine, njia ya nyama na pumzi, ambayo kwayo mdomo waweza kutangulia na kuliacha sikio nyuma. Njia hii ni ya kale, na sisi wa pwani tumeijua kwa jina la makhraji. Al-Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa karne ya nane ambaye asili yake ni Oman na maisha yake yalikuwa Basra, aliipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, si kwa alifu na be, bali kwa mahali ambapo kila herufi huzaliwa, akianzia kooni na kuishia midomoni. Na wanafunzi wa tajwidi, elimu ya kusoma Kurani, mpaka leo huhifadhi makhraji 17 kwa hesabu ya Ibn al-Jazari. Mwalimu wa lugha yoyote afaa kujua mdomo hivyo, kama fundi ajuavyo sanduku lake la vyombo.

Nitatoa mifano michache, kwa kuwa maneno "sema vizuri" hayajapata kumsaidia mtu. Amsahihishaye mwenzake asemaye "rara" asimwambie "sema l", kwani l ndiyo asiyokuwa nayo. Amwambie aweke ncha ya ulimi kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, aishikilie hapo asiiondoe, kisha atoe sauti ili pumzi ipite mbavuni mwa ulimi, na aivute sauti hiyo kadiri ya pumzi zake. R yetu haivutiki hivyo, maana ni pigo: ulimi hugonga na kukimbia. Kwa hiyo siri ya l ni kuuzuia ulimi usikimbie, na mtu akiisha kuivuta mara mia ndipo aifupishe na kuitia katika neno. Asemaye "samba" akumbushwe sauti aitoayo amnyamazishapo mtoto aliaye usiku, ulimi ukiwa umerudi nyuma kidogo na midomo imechongoka. Mara nyingi mtu huyu ana sh maisha yake yote, ila hajapata kuitia katika neno. Atatizwaye na z na s aweke vidole viwili kooni: kwenye z koo latetemeka, kwenye s limetulia. Na anayejifunza p ya Kiingereza ya mwanzo wa neno anyanyue kipande cha karatasi mbele ya midomo, na karatasi isipopeperuka ajue kuwa Mwingereza aweza kuisikia p yake kuwa ni b. Mtu wa Mvita hapo hana haja ya karatasi, maana katika matamshi ya asili paa wa mwituni hutoka na pumzi na paa la nyumba hutoka bila ya pumzi, na mbili hizi kwake hazikupata kuchanganyika.

Lakini wapi pana hatari zaidi? Watu wengi hudhani kuwa sauti ngumu ni ile ya kigeni kabisa. James Flege, Mmarekani aliyeitumikia elimu hii kwa miaka mingi, alishika kinyume chake: sauti mpya kabisa, kwa kuwa haina mwenzi katika lugha ya mwanafunzi, hujitangaza yenyewe, akaipokea kama mgeni na kuitengea chumba; bali sauti inayofanana na yake huingia nyumbani kwa jina la ndugu, wala hakuna amwulizaye atokako. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka mkeka wa chuoni. Aini, ambayo Waswahili hatuna, ilitutoa jasho mwezi mmoja, kisha ikakaa. Lakini swadi, kwa kuwa ilifanana na sini yetu, tuliikosea mwaka mzima, na wengine wetu, sitataja nani, hukosea mpaka sasa. Mwanafunzi na atafute kasoro zake mahali ambapo hana mashaka. Anayejifunza Kiingereza hutazama th kwa hofu, ilhali mtu wa pwani amezaliwa nayo katika thelathini na dhahabu, wakati i yake, na a yake, na t yake zapita kila siku bila ya kuulizwa hati.

Na hati yenyewe, yaani maandishi, ni mtego wetu maalumu. Tahajia ya Kiswahili ni aminifu mno: kila herufi yasema kile isemacho, na msomaji wa Kiswahili hukua akiiamini herufi kama aaminivyo mizani ya sokoni. Akiingia katika Kiingereza na imani ile hula hasara, kwa kuwa huko b ya "comb" ipo kwa ajili ya macho tu, na t ya "listen" vivyo hivyo. Neno jipya lisikilizwe kwanza, lisikilizwe tena, na kitabu kifunguliwe baadaye; kwa maana tamko lililoingia kwa njia ya macho ni gumu kulitoa. Mwalimu wangu wa mkekani alifumba macho yake, nadhani, kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo mtu hawezi kuzirekebisha sauti zote, na hapa ndipo ushauri wangu wa pili kwa ukubwa, ambao ni wa kuchagua. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing wa Kanada walitenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya: nguvu ya lafudhi ya kigeni, taabu aipatayo msikilizaji, na kama maneno yenyewe yamefahamika. Waliwapa wasemaji wa asili wa Kiingereza wa huko sauti za Wachina wakisema Kiingereza, wakawataka waandike walichosikia. Na mara nyingi sentensi waliyoihukumu kuwa ina lafudhi nzito waliiandika yote, neno kwa neno, bila ya kosa. Lafudhi, basi, si kitu kimoja na kutofahamika. Joseph Conrad, baharia wa Kipolandi aliyejifunza Kiingereza akiwa mtu mzima akawa mwandishi mkubwa wa lugha hiyo, alikufa mwaka 1924 na lafudhi ya kwao nzito kinywani. Naye Eric Lenneberg aliyeandika mwaka 1967 kuwa mlango wa lugha hufungwa kwa balehe hakuwa na haki yote: Flege na wenzake walipowachunguza Wataliano 240 waliohamia Kanada katika umri mbalimbali, waliona lafudhi ikizidi kidogo kidogo kadiri umri wa kuhamia ulivyozidi, pasipo kizingiti mahali popote. Mtu wa miaka arobaini asiambiwe mlango umefungwa, wala asiahidiwe kwamba atatoka upande wa pili akiwa mtu mwingine.

Achague nini, basi? Jennifer Jenkins, mwanazuoni wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka 2000 juu ya Kiingereza kinachotumiwa na watu ambao wote wawili si lugha yao, na hiyo ndiyo hali ya Mtanzania anayefanya biashara na Mchina au Mturuki. Alichunguza ni makosa gani hasa yaliyovunja mafahamiano kati yao, na katika orodha yake th haimo. Miongoni mwa yaliyomo ni urefu na ufupi wa irabu, konsonanti zinazoandamana mwanzoni mwa neno, mkazo wa sentensi, na, katika irabu zote za Kiingereza, irabu moja tu ambayo umbo lake lisichezewe: ile ya "bird". Waswahili tusome vizuri hapo, maana irabu hiyo sisi huigeuza a, na ndege akawa kitu kibaya. Na konsonanti zinazoandamana huzipasua kwa irabu, kama tulivyoifanya "club" kuwa kilabu, jambo jema sana tukiwa nyumbani na lenye kumpotosha mgeni tukiwa naye. Mwalimu anayemaliza muhula mzima akiwatoa watoto ndimi nje kwa ajili ya th anawafundisha heshima ya kitabu, hawafundishi kufahamika.

Mkazo na mahadhi ya usemi pia havipuuzwi. Derwing na Munro, pamoja na mwenzao Wiebe, walifundisha makundi mawili mwaka 1998, moja sauti moja moja, jingine mkazo, kasi na kiimbo. Na wanafunzi walipohadithia kisa kwa maneno yao wenyewe, wa kundi la pili tu ndio waliofahamika kwa wepesi zaidi. Sisi tusemao lugha ambayo mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, husahau kwamba mkazo waweza kuhama. Ila tunayo ithibati yetu: barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa" huandikwa herufi zile zile, na mgeni afundishwaye Kiswahili ambaye hajaonyeshwa kuwa mkazo wa ya pili umerudi nyuma silabi moja atatuchekesha bure. Bibi E. O. Ashton alipokitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1944 alitaja kiimbo katika jina la kitabu lenyewe, na wengi waliomfuata wamekitupa.

Kwa mwalimu nina neno moja la mwisho, juu ya kusahihisha. Wapo wasemao kuwa mwanafunzi asisahihishwe asije akaona haya. Kazuya Saito na Roy Lyster, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2012 juu ya Wajapani na r ya Kiingereza, waliona kuwa waliofundishwa sauti ile na pia wakasahihishwa kwa kurudishiwa neno lao likiwa limetengenezwa ndio walioendelea, na waliofundishwa bila ya kusahihishwa hawakuendelea. Basi sahihisha, lakini sahihisha kwa kulirudisha neno kwa adabu katika mtiririko wa mazungumzo, kama mtu amwokoteaye mwenzake leso iliyoanguka, si kwa kulitangaza mbele ya darasa. Na usisahihishe sauti ambayo sikio la mwanafunzi bado halijaipokea, kwani hatajua umemrudishia nini.

Mimi mwenyewe, kwa kuwa si vyema kuagiza dawa usiyoinywa, nimeanza uzeeni mchezo ule wa mikono miwili, na mjukuu wangu ndiye mwenye simu na ndiye hakimu. Tulianza na merikebu na kondoo, deni la tangu skuli, tukaja kwenye "full" na "fool". Jioni moja nilipata 33 katika 40, na saba zote nilizokosa zilikuwa za sauti ya mwanamke mmoja, na mjukuu akasema, kwa upole wa hakimu, kuwa babu amechoka. Nilirudia sauti ile siku tatu, nikifumba macho, nisipate hata fununu ya tofauti. Ndipo nilipotafuta habari za msemaji, nikaona kuwa ni mtu wa Scotland. Na huko Scotland, kama vitabu vya fonetiki visemavyo, watu hawatengi irabu hizo mbili kabisa, na "full" na "fool" kwao ni tamko moja.

Nilimwita mjukuu, nikamdai saba zangu.